Jeli Ndani ya Kisima cha Kaka

Kisima hicho kiko nyuma ya boma la marehemu kaka yangu, upande wa Kibwezi, pale ambapo udongo mwekundu unakwisha na mawe meusi yenye matundu yanaanza. Baada ya mazishi tulikifunika kwa mabati mawili na matawi ya miiba, tukayawekea mawe juu. Kwa miaka mingi hakuna aliyekikaribia isipokuwa mbuzi wangu, nao walienda asubuhi tu. Alasiri walikaa mbali.

Alasiri mabati yalipiga kelele. Haukuwa upepo. Nimesimama pale siku ambazo jani la mgunga halitikisiki, na bado bati linatetemeka ukingoni, na chini yake inatoka hewa ya vuguvugu yenye harufu ya mawe yaliyolowa. Asubuhi mambo yaligeuka. Ukiweka jani kavu karibu na pengo, linasogea polepole, linasimama kidogo kama linafikiri, kisha linaingia. Majirani walikuwa na maelezo yao. Walisema marehemu bado anapumua. Mama mmoja wa kanisani kwetu, mtu wa maombi mengi, aliacha kabisa njia ile, akawa anazunguka mbali, mtungi wake mgongoni. Mimi sikuwabishia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba siku kaka alipokufa.

Kaka alikuwa mchimba visima. Alianzia Kitui akiwa kijana, akachimba hadi Mwingi, kisha akarudi kwetu Makueni alipooa. Mimi niliacha shule darasa la saba nikawa mtu wake wa juu. Mtu wa juu anavuta ndoo ya udongo na kuangalia kamba nyingine, ile iliyofungwa kiunoni mwa mchimbaji. Kila ndoo ikitoka anaita, "Uko?" Wa chini anajibu, "Niko." Akijibu, unamwachia kazi yake. Asipojibu, unavuta bila kuuliza tena.

Tulikuwa na sheria ya taa. Anayeshuka ndiye anayewasha koroboi, kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi, kabla hajala. Inafungwa waya na kushushwa hadi chini. Ikizimika hakuna kazi. Ikiwaka, siku hiyo ni yenu mpaka jioni. Na taa haishushwi mara ya pili. Wazee waliotufundisha kazi Kitui walisema taa ya pili ni kumuuliza Mungu swali ambalo ameshajibu, na anayefanya hivyo atajibiwa na kisima chenyewe. Tulicheka, lakini katika kazi yetu yote sikuona mtu akiishusha mara mbili.

Siku ile taa iliwaka vizuri. Kaka alishuka, akapanda kula isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akashuka tena. Alikuwa akipasua jiwe jeusi na alilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Ndoo ya mwisho ilikuja na matope, nami nikampigia kelele ya furaha. Niliita, akajibu. Niliita tena, akajibu na kucheka peke yake, sijui alichekea nini. Nilipoita mara nyingine kulikuwa kimya. Nikavuta kamba ya kiuno. Ilikuja nyepesi, bila mtu.

Waliomtoa walimwaga kwanza maji mengi kisimani na kupepea kwa matawi ili kufukuza hewa. Walimkuta ameketi, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa chakula. Fundo la kiunoni halikuwa limekatika wala kuteleza. Lilikuwa limefunguliwa kwa vidole.

Fundo hilo lilitutesa kuliko kifo. Hewa mbaya kila mtu anaijua. Lakini mtu anayejifungua kamba akiwa chini ana neno lake, ndivyo watu walivyosema. Wengine walisema aliitwa na aimu, pepo wa watu wa kale, kwa sababu alikuwa amevunja jiwe lao. Wengine walisema alikuwa amechoka na nyumba yake. Neno hilo la pili lilimfikia shemeji yangu, mjane wa kaka, na halikumtoka. Hakuwahi kuniuliza kama kaka aliniambia kitu. Alinitazama tu, nikipita na mbuzi, kisha akarudi kwenye kazi yake. Nilikuwa nikimlilia kaka yangu kivyangu, huko machungani, ambako mtu hahitaji kueleza.

Mtoto wao wa kwanza alikua ndani ya maneno hayo. Sasa ana mke na mtoto mchanga, na anabeba mitungi ya maji kwa pikipiki. Mwaka huu, mvua ndefu ilipokosa kufika na mito ya mchanga kukauka mpaka ukichimba unakutana na mchanga mwingine, alinikuta nikifunga zizi.

"Baba mdogo, nataka kufungua kile kisima cha baba."

"Kwa nini hicho?"

"Iko na maji chini. Si wewe ndio ulisema ndoo ya mwisho ilitoka na matope?"

"Nilisema."

"Na tena nimechoka na midomo ya watu. Nitashuka, nitapanda. Wataona ni shimo kama shimo ingine."

"Na kamba utashikiwa na nani?"

"Na yule alimshikia baba," akasema. Halafu, kwa sababu hapendi mambo mazito, akaongeza, "Ama mgongo imekataa? Sema tu, nitafute kijana."

Nilijua nikikataa atatafuta mtu asiyejua kuita. Nikamwambia nitashika, lakini angoje mawingu yakae sawa, angoje nipate kamba mpya, angoje hiki na kile. Nilikuwa namchelewesha tu. Mama yake alipoambiwa hakulia wala hakukataza. Alisema, "Huyu pia atakaa kule chini," akaendelea kuchambua maharagwe.

Ni katika siku hizo za kuchelewesha ndipo msichana wa chuo kikuu alipofika. Kwao ni Kilungu, milimani, na Kikamba chake kilikuwa kile cha huko, chepesi. Alikuwa akizunguka kutafuta visima vilivyoachwa katika mawe haya meusi. Watu walimwelekeza kwangu, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kumpeleka. Alikuwa na mkoba wa plastiki ngumu, na ndani yake, kati ya vitambaa vilivyolowa, vitu viwili vidogo kama vifuniko vya chupa vyenye dirisha la kioo upande mmoja. Nyuma ya kioo kulikuwa na kipande cha jeli, chembamba kama ganda la kitunguu, chenye rangi ya kijani inayong'aa.

Mpwa wangu, yule mtoto wa kaka, alikuwepo. Akainama akatazama.

"Daktari, hii si ni ile ya nepi ya mtoto wangu?"

"Mimi si daktari bado. Lakini umesema ukweli, ni ndugu yao."

"Sasa mnataka kuvalisha kisima nepi?"

Msichana akacheka mpaka akaketi juu ya jiwe. "Ukiona kile ambacho kisima chako kinatoa, utakubali kinahitaji."

Jeli mimi nilikuwa naijua kwa njia nyingine. Wakulima wa karibu na mto Kibwezi huweka unga wake kwenye mashimo ya miche ya mapapai. Ukiumwagia maji unavimba kama ugali wa kioo na kutunza unyevu. Nilimwambia hivyo. Akasema ndiyo, ni jamii hiyo, ila ile ya shambani inakunywa kila kitu inachopewa, na yake imefundishwa kuchagua. Yake ikionja uchachu inavimba. Uchachu ukiondoka, inanywea tena.

"Na hewa mbaya ina uchachu?" nikauliza.

"Umewahi kunywa soda ikakuchoma pua?"

"Ndiyo."

"Ni gesi hiyohiyo. Ikiingia kwenye maji inayafanya machachu." Akanionyesha ngozi nyembamba ya mpira upande wa nyuma. Ngozi hiyo, alisema, inapitisha gesi lakini haipitishi maji. Ndani jeli imelala katika matone ya maji yenye magadi kidogo. Gesi ikipenya, maji yanachachuka, jeli inavimba.

"Na rangi? Umeitia rangi gani?"

"Hakuna rangi, mzee." Alisema ndani ya jeli kuna chembe ndogo sana zilizopangwa kwa mistari, na ni nafasi kati ya mistari inayofanya jicho lione kijani. Jeli ikivimba mistari inaachana, na jicho linaanza kuona manjano, halafu nyekundu. "Kama yale mafuta ya gari kwenye dimbwi pale stendi ya Sultan Hamud. Maji hayana rangi, mafuta hayana rangi, lakini unaona rangi."

Sikuelewa yote na sikujifanya. Nilimuuliza kwa nini ziko mbili. Alisema moja imezibwa kabisa kwa kioo, gesi haiifikii. Jeli hizi zinasumbuliwa na joto pia. Zikibadilika zote mbili, ni joto. Ikibadilika moja tu, ni hewa. "Hii iliyozibwa ni pacha asiyeonja," akasema. "Kazi yake ni kutuambia kama mwenzake anasema ukweli."

Tukaondoa mawe na miiba, tukasogeza bati moja. Nilikuwa sijatazama ndani tangu siku ile. Mashimo ya kukanyagia ambayo kaka aliyachonga ukutani yalikuwa bado makali, kana kwamba yamechongwa jana. Msichana akafunga vile vifuniko viwili kwenye uzi mmoja wa nailoni, akavishusha. Ilikuwa asubuhi. Baada ya muda akavivuta. Vyote viwili vilikuwa kijani.

"Umeona?" mpwa wangu akasema. "Hewa ni safi."

"Asubuhi," msichana akasema.

Aliviacha vikining'inia, akalala kwa dada yake Kibwezi, akaniomba nivivute asubuhi na alasiri na kumpigia picha kwa simu ya mpwa wangu. Nilifanya hivyo wiki nzima. Asubuhi ilikuwa kijani na kijani. Alasiri, bati likianza kutetemeka, nilivuta uzi na kimoja kilikuja chekundu kama jicho la mtu aliyelia, na chenzake kando yake kijani, kimetulia. Nilikiweka juu ya jiwe katika hewa ya wazi. Kiliendelea kuwa chekundu kwa muda mrefu, kisha rangi ikaanza kurudi kutoka ukingoni, chungwa, manjano, mpaka kijani. Sikupenda kukitazama kikirudi, na bado nilikaa pale mpaka mwisho kila mara. Siku moja niligundua kwamba nimevua kofia.

Mbuzi walisimama mbali wakinitazama.

Alipokuja tena nilimwambia kuhusu majani yanayoingia asubuhi na hewa inayotoka alasiri. Hakucheka. Alisema hewa ya juu ina uzito, na uzito huo hupungua alasiri na kabla ya mvua. Ukipungua, hewa iliyofungwa katika matundu ya mawe meusi hupata nafasi ya kutoka, na katika mawe haya hewa hiyo ina gesi inayopanda kutoka chini sana, kulikokuwa na moto zamani. Asubuhi uzito unarudi na kuisukuma ndani.

"Kwa hiyo kinapumua," nikasema.

"Tunaweza kusema hivyo."

"Majirani walisema hivyo."

"Majirani hawakukosea kwa kinachotokea," akasema polepole. "Ni kwa anayefanya tu."

Kwa mpwa wangu habari hiyo ilikuwa nzuri. Kama asubuhi ni salama, basi atashuka asubuhi, aondoe udongo ulioanguka, na awe juu kabla ya saa sita. Alichagua siku. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, na siku hiyo kuliamka na wingu zito upande wa milima ya Chyulu, la kwanza tangu mwaka uanze. Watu walikuwa wakifurahi barabarani. Jirani mmoja mwenye mabega mapana, anayetengeneza pikipiki, alikuja kusaidia kuvuta. Shemeji yangu alitoka nyumbani kwake akasimama chini ya mti, mbali kidogo, mikono ndani ya leso.

Mpwa wangu alikuja na koroboi ya baba yake. Sikujua kwamba ilikuwa imehifadhiwa. Akaiwasha mwenyewe, kabla ya kula, kama inavyotakiwa, na akaishusha kwa waya. Sote tuliinama. Mwali ulishuka ukawa kama punje ya mtama, na ulipofika chini ulisimama wima. Haukulegea.

"Imewaka!" jirani akasema. "Haya, bwana harusi, shuka."

Msichana alikuwa tayari ameshusha uzi wake. "Ngojeni kidogo. Jeli ni polepole. Inataka muda wa kunywa."

"Taa imesema," mpwa wangu akasema, huku nikimfunga kamba kiunoni.

"Taa inasema kama moto unaweza kupumua. Haisemi kama wewe unaweza. Gesi inaweza kukuangusha na taa bado inawaka."

"Dada, baba yangu alichimba visima ishirini na hii taa."

"Na ni ngapi alitoka?" jirani akauliza. Alitaka kufanya mzaha, lakini alipouona uso wangu akageuka kunyoosha kamba.

Nilimwambia mpwa wangu, "Ngoja jeli."

"Baba mdogo, nikingoja jeli nitafika mchana, na mchana ndio mnasema ni mbaya. Nishuke saa ngapi sasa? Sema wewe." Alikuwa na haki kwa namna yake. Akaketi ukingoni, akaingiza mguu kwenye shimo la kwanza la kukanyagia. "Shika ama usishike. Mimi naenda."

Nikashika.

Nilimtazama akishuka kwa mashimo ya baba yake, uso ukutani, mpaka nikaona kichwa tu, halafu sikuona. Kamba ilipita mkononi mwangu kidogo kidogo. Halafu ikasimama. Nilidhani amefika pale katikati ambapo jiwe linatokeza na mtu anaweza kupumzika. Upande wa pili wa shimo, bati lililobaki ukingoni likaanza kutetemeka. Ilikuwa bado asubuhi.

Msichana akavuta uzi wake upesi, mkono kwa mkono. Aliweka vile vifuniko viwili kiganjani na kunisogezea. Kimoja kilikuwa kijani. Kingine kilikuwa chungwa na kinaendelea kubadilika nikikitazama, kinaelekea nyekundu.

Nikaita, "Uko?"

"Niko."

Naandika nilichosikia. Sauti ilitoka chini, si ya kelele wala ya haraka, sauti ya mtu aliyezoea kuitwa. Jirani naye aliisikia, kwa sababu alilegeza mikono na kusema, "Yuko sawa, anajibu." Na sheria yetu ni hiyo. Akijibu, unamwachia kazi yake. Kwa miaka yote ya kazi sikuwahi kumvuta mtu aliyejibu.

Nilitazama tena kiganja cha msichana. Nyekundu.

"Vuta," nikamwambia jirani.

"Si amejibu?"

"Vuta!"

Tulivuta. Alikuja mzito, bila kusaidia kwa miguu, akigonga ukuta huku na huku. Alipofika ukingoni kichwa kilikuwa kimelala begani na macho yamefunguka nusu. Tukamburuta hadi mbali na shimo, upande upepo ulipotoka, na msichana akampiga mgongoni na kumwita jina lake mpaka akatapika. Ndipo nikaona kamba. Fundo langu lilikuwa na mizunguko mitatu. Miwili ilikuwa imefunguliwa. Alikuwa ameshikiliwa na mmoja uliobana chini ya kwapa, na vidole vyake vilikuwa bado vimeushika.

Shemeji yangu alikuwa amefika. Hakumgusa mwanawe kwanza. Alikuwa akilitazama lile fundo.

Tulimpeleka hospitali, wakampa hewa ya mtungi, na siku iliyofuata alikuwa nyumbani ameketi juu ya kitanda, kichwa kinamuuma, akilalamikia uji. Msichana alikuja kumsalimia. Mbele ya sote alisema samahani kwa kuwa jeli yake ilikuwa ya polepole, na kwamba wingu lile lilikuwa limepunguza uzito wa hewa mapema, nalo shimo likatoa pumzi yake asubuhi. Alisema kuifanya ijibu haraka ndiyo kazi yote iliyobaki. Nilimuuliza kuhusu sauti. Alisema inawezekana ilikuwa mwangwi. Nilikubali, lakini baadaye nilifikiri kwamba mwangwi hurudisha ulichosema, na mimi nilisema "Uko." Nilimuuliza mpwa wangu kama alijibu. Alisema hakusikia nikiita kabisa. Sijui zaidi ya hapo, na sitajaza mahali nisipojua.

Msichana alipoondoka, shemeji yangu alivuta kiti kidogo akakaa karibu na kitanda.

"Nieleze," akasema.

"Nini, mama?"

"Kule."

Mpwa wangu alinitazama, nikamwitikia kwa kichwa. Akaeleza kwamba kwanza alisikia ladha chachu mdomoni, kama soda, na akashangaa kwa sababu alikuwa hajala kitu. Halafu moyo ukaanza kwenda mbio, na pumzi ikawa fupi. Hakujua ni hewa. Alidhani ni kamba.

"Kamba imefanya nini?"

"Niliona imenikaza, mama. Kifua hakipanuki. Nilikuwa najiambia, baba mdogo amefunga sana, ngoja nilegeze kidogo nipumue, halafu nitafunga tena. Hiyo tu. Nilitaka nipate pumzi nipande."

"Ulitaka kupanda?"

"Sasa ningekaa huko na nani?"

Nje kuku walikuwa wakigombania kitu. Mimi nilitazama sakafu, kwa sababu nilijua anachouliza shemeji hakikuwa juu ya huyu aliyeketi mbele yetu, na sikutaka kuuona uso wake wakati jibu linamfikia.

"Ulikuwa na uchungu?" akauliza.

"Mwanzo kichwa. Baadaye hapana. Nilisikia kama nimechoka kwa kazi nzuri."

"Na ulifikiria mtu?"

Mpwa wangu si mtu wa maneno kama hayo. Alikuna shingo. "Nilifikiria kama mmeniwekea chai," akasema.

Mama yake alicheka, mara moja, kwa pua, sauti niliyokuwa nimeisahau. Kisha akachukua mikono yote miwili ya mwanawe akaiweka juu ya mapaja yake, karibu na ncha ya leso iliyofungwa kiunoni.

"Nionyeshe," akasema. "Vile ulivyokuwa unafungua."

Akashika ile ncha kwa vidole vilivyokuwa bado na michubuko ya jiwe, akaanza kufungua, polepole, kama mtu anayetafuta pumzi, na mama yake akainama kuvitazama.